Mgao wa Kabula

Jana jioni Mzee Mayenga alikuja kijiweni kwetu hapa Masumbwe, kando ya barabara yanapopita malori ya Rwanda, na sura ya mtu aliyeletewa posa asiyoielewa. Kocha mmoja kutoka Mwanza alimwona mjukuu wake Kabula, mwenye miaka 15, akiwapiga chenga wavulana uwanja wa shule. Sasa anaomba cheti cha kuzaliwa.

"Anataka cheti, ng'ombe hataji," mzee akalalamika. "Mposaji gani huyo?"

"Mzee, hiyo ni timu!" Kulwa wa bodaboda alijibu bila kushuka kwenye pikipiki. Huwa hashuki, asije akakosa abiria, ingawa abiria wenyewe tunawaona wakipita na wenzake. "Clara Luvanga alianzia wapi? Alikuwa Yanga Princess, 2023 akaenda Hispania, Dux Logroño, na mwaka huohuo akatua Al-Nassr. Klabu ya Ronaldo!"

Shija mchimbaji akaacha kutafuna karanga. "Anampasia Ronaldo?"

"Ronaldo yuko timu ya wanaume. Clara kabeba ubingwa wa ligi 2023/24, akaubeba tena 2024/25. Misimu hiyo miwili Ronaldo kwenye ligi yake katoka kapa."

Alhaji, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, akaweka kikombe chini. "Saudia? Wanawake? Na bukta?"

"Alhaji, ulihiji mwaka gani?" Mwalimu Mstaafu akauliza kwa upole wa mtu anayetega.

"2009."

"Basi umeachwa. Wanawake wa kule waliruhusiwa kuingia uwanjani kutazama mechi Januari 2018. Mwaka 2022 ikaanza ligi yao kuu. Uliofuata, wakamchukua binti yetu."

Alhaji alikaa kimya kidogo, kisha akauliza wanalipa shilingi ngapi. Hoja ya maadili ikafia hapo, hesabu zikaanza.

Shija ndiye aliyeongoza, maana kwenye mgao hana mpinzani. "Machimboni kila mtu na fungu lake: mwenye shamba, mwenye duara, sisi tunaoshuka chini. Babu ni mwenye shamba. Mimi mjomba ni mwenye duara. Alhaji apewe kidogo kwa dua."

"Na Kabula?" Mama Neema akauliza huku akigeuza chapati.

Shija alisema Kabula atakumbukwa.

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Mgao upo, na FIFA wameuandika. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa timu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23."

"Babu yumo?"

"Hayumo."

"Mjomba?"

"Hayumo. Ni timu, tena iliyomsajili. Wewe umemsajili wapi Kabula?"

Kimya. Kabula hajasajiliwa popote, na hicho cheti chenyewe mzee hana. Anachokumbuka ni kwamba mtoto alizaliwa mwaka ambao mpunga ulikubali sana. Mwalimu akamweleza kwamba RITA, wanaotoa vyeti hivyo, hawaandiki mpunga, wanaandika tarehe. Bila tarehe hakuna pasipoti, na hata ikipatikana, kwa kawaida FIFA hawaruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nje.

Mzee akatoa silaha yake ya mwisho. "Akishika mimba je? Si wanamtupa?"

"Tangu 2021 kanuni inasema likizo ya uzazi isipungue wiki 14, na alipwe angalau theluthi mbili ya mshahara."

Mama Neema akabaki na mwiko hewani. "Wiki 14 za kulipwa! Mimi nilijifungua Ijumaa, Jumatatu nasonga ugali wenu, na bado mlikopa."

Hakuna aliyemtazama usoni. Kulwa akarukia haraka kwa Aisha Masaka: Yanga Princess, Häcken ya Sweden mwaka 2022, Brighton ya Uingereza 2024. Kisha Opah Clement: Simba Queens, Uturuki, China, Mexico, na Julai 2025 kule Morocco akawafunga Afrika Kusini katika sare ya 1-1. Mzee akashangaa mtu mmoja kuzunguka nchi zote hizo bila kuolewa. Mwalimu akamwambia ajira hiyo ndiyo ilivyo, mkataba wa mwaka au miwili, begi mlangoni, na goti likigoma kazi imekwisha. Ndiyo maana mkataba husomwa kabla ya kusainiwa. Mimi hapo namuunga mkono Mwalimu kuliko Kulwa, ambaye kila hadithi yake inaishia uwanja wa ndege.

"Kabula anachezea njumu gani?" Mama Neema akauliza.

Anachezea yeboyebo. Kwa hiyo kikao chote tulikuwa tunagawana pesa za mtoto asiye na viatu.

Mchango ukapitishwa palepale. Mama Neema Sh 2,000, Kulwa Sh 1,000, Mwalimu Sh 2,000. Shija atatoa mzigo ukitoka. Alhaji ameongeza dua. Mzee Mayenga kaahidi kwenda kufuatilia cheti wiki ijayo, kama punda wake atakuwa amepona.

Njumu za mtumba mnadani ni Sh 15,000. Msomaji mwenye jozi iliyolala uvunguni, ilete kwa Mama Neema. Kabula anavaa namba 38.