Vita vya Maigizo, Maiti za Kweli

Jenerali Jáudenes, gavana wa Kihispania mjini Manila, Ufilipino, aliona haya kusalimu amri bila kusikika hata mlio wa bunduki, kwao wangemshtaki. Basi, kupitia balozi mdogo wa Ubelgiji, akapatana na Admirali Dewey wa Marekani: tupigane kidogo, halafu bendera nyeupe. Ikawa Agosti 13, 1898. Askari wa mstari wa mbele hawakuonyeshwa muswada, maskini, na baadhi yao wakafa kwa bidii zote. Wapiganaji wa Aguinaldo, kiongozi wa mapinduzi wa Kifilipino, wenye nchi yao, wakazuiwa mlangoni kama wadoezi wa harusi. Utamu zaidi: makubaliano ya kusitisha vita kati ya Hispania na Marekani yalikwisha kutiwa saini Washington siku iliyotangulia. Habari hazikufika, waya wa simu wa baharini alikuwa ameukata Dewey mwenyewe.