Gari Nje, Viti Mezani

Mume akikuambia anakarabati gari kuukuu, muulize kwanza: sehemu gani? Akisema injini, mwache aende zake, maana injini hutengenezwa nje na anayechafuka ni yeye. Akisema breki, mwombee dua. Lakini akisema "ndani", yaani viti, mazulia na dashibodi, basi ficha pasi yako mapema. Mambo ya ndani ya gari hutengenezewa ndani ya nyumba, na hakuna chumba kitakachosalimika.

Sisi tunakaa Oxford, mtaa wa nyumba zilizoshikana kuta, ambako mwenye gereji ni mtu mwenye nazo. Mbele ya mlango tuna kipande cha saruji kinachotosha gari moja na mapipa ya taka. Gari la kutupeleka kazini na kuwapeleka watoto shule hulala barabarani, mvua yake, theluji yake. Pale penye saruji, chini ya turubai, pamelazwa MGB la mwaka 1972, gari la wazi la siti mbili. Familia yetu ni ya watu watano.

Baba watoto ni mtu wa Tanga. Leyland aliyoijua utotoni ni ile ya mabasi na malori, yenye mngurumo wa kuamsha mtaa mzima. Alipokuja Uingereza akabaini kwamba kampuni ya British Leyland, iliyoundwa mwaka 1968, ndiyo iliyokuwa na chapa ya MG mkononi siku gari lake lilipotoka kiwandani. Tena MG asili yake ni hapahapa Oxford: ilianzia miaka ya 1920 katika gereji za William Morris, zilizoitwa Morris Garages, na herufi zake mbili zikatoka humo. Mwaka 1929 kazi ikahamia Abingdon, mji mdogo ulio kusini mwetu, na huko ndiko MGB lilikotengenezwa tangu 1962 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Yalitoka zaidi ya nusu milioni, mengi yakavushwa Atlantiki kwenda Marekani. Ukimsikia baba watoto anavyoitaja Abingdon, utadhani anataja Ngamiani ya kwao Tanga.

Hoja yake ya pili ilikuwa ya mfukoni. Uingereza, gari lililopita miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na kama halikubadilishwa sana husamehewa hata ukaguzi wa kila mwaka. "Halina kodi," akaniambia kwa furaha. Kweli, serikali haitozi. Anayetoza ni gari lenyewe.

Tulipolifungua mlango mara ya kwanza, harufu ya ukungu ilitoka kutupokea. Kiti cha dereva kilikuwa kimekata tamaa: ukikaa, unazama mpaka makalio yanakaribia sakafu, na usukani unakutazama kifuani. Zulia lilikuwa limegeuka kitu cheusi kisicho na jina. Baba watoto akashika kiuno, akasema kazi ni ndogo, mwisho wa wiki itakuwa imekwisha. Hakusema wiki ipi.

Viti vya MGB hukaa juu ya reli, na kati ya reli na sakafu huwekwa vipande vya ubao. Ubao ule ukishalowa hautoi maji tena, unayahifadhi, na bolti zinazopita humo zinaliwa na kutu taratibu. Basi ikawa patashika ya spana na mafuta ya kulegeza, na maneno ambayo kitinda mimba wetu aliyarudia shuleni. Bolti ya mwisho ilikatika kichwa. Viti vikatoka, na kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza, vikaingia ndani na kupandishwa juu ya meza ya kulia chakula. Sisi tukahamia mkekani, tukala kwa sinia. Watoto walifurahi, walidhani ni Ramadhani imewahi.

Nakiri kwamba kiti cha gari kikivuliwa nguo ni kitu cha kutazama. Chini ya kile kilichoonekana kuwa ngozi palikuwa na safu ya klipu za chuma zilizobana ukingo kwenye fremu. Klipu zikitoka, kitambaa kinafunuka, na sponji iliyokaa humo nusu karne inamwagika kuwa unga wa njano, unaonata kwenye soksi na kuingia mpaka kwenye kopo la sukari. Chini ya sponji kuna kipande cha mpira mpana, kimetandazwa katikati ya fremu kwa kulabu za waya pande zote. Hicho ndicho kinachombeba mtu. Chetu kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona. Na katikati ya unga ule kikatoka kibanio cha nywele cha kike. Binti yangu akakiinua juu. Baba yake akaapa kwamba mwaka 1972 yeye alikuwa hajazaliwa.

Kikaja kisa cha ngozi. Gari la mwaka ule lilitoka kiwandani na ngozi bandia, ile ile ya kwenye makochi ya ofisi za umma. Baba watoto hakutaka kusikia. Aliagiza seti ya ngozi halisi, nyekundu, ikaletwa kwa boksi kubwa lililozuia mlango wa choo. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyefanya kazi Abingdon enzi hizo, akaja kuchungulia. "Sisi tulivika plastiki," akasema, "na tulimaliza kiti kabla chai haijapoa." Akanywa chai yetu, akaenda zake.

Ngozi ile haikutaka kuingia. Waliokwisha kuifanya kazi hii wanajua mbinu zake: sponji mpya inabandikwa kwa gundi, inavikwa mfuko wa plastiki wa taka ili ngozi iteleze juu yake, kisha ngozi inapashwa moto ilegee huku ikivutwa. Swali ni moto unatoka wapi. Katika nyumba yetu ulitoka kwenye mashine ya binti yangu ya kukaushia nywele, na mashine ilipoungua, ukatoka kwenye pasi yangu ya mvuke.

Haya yalitokea usiku wa kuamkia Idi. Niliichukua pasi kunyoosha kanzu za wanaume wa nyumba hii, nyeupe pe, zilizoletwa kutoka Dar es Salaam. Nikapitisha mara moja tu kifuani. Ikabaki alama ya kahawia, ndefu, inanata, inanuka gundi. Nikapaza sauti. Baba watoto akatokea mlangoni, nyuzi za zulia nywelani, akaitazama kanzu, akauliza kwa upole kama ile ilikuwa yake au ya mtoto. Ilikuwa yake. Alisali Idi akiwa na koti limefungwa vifungo vyote, na watu wakampa pole ya homa.

Mama mkwe aliwasili majira hayohayo, kutoka Tanga, na begi lenye dagaa na mabuyu. Mama huyu ameshona maisha yake yote. Nusu ya maharusi wa mtaa wao wamepita kwenye cherehani yake. Hakusema kitu siku ya kwanza. Siku ya pili alimkuta mwanawe amepiga magoti mezani, ameikumbatia siti, anavuta ngozi kwa meno.

"Mwanangu," akasema, "hata foronya haivishwi hivyo."

"Mama, hiki ni kiti cha gari."

"Nakiona. Na mimi naona mshono. Hebu toka."

Akageuza ngozi nje-ndani, akapitisha kidole kwenye ukingo, pale kikamba kilichoshonewa ndani ya mkunjo hutokeza na kuchora umbo la kiti. Akatuonyesha ila: ziada ya kitambaa iliyobaki nyuma ya mshono ilikuwa imelala huku na huku, mahali fulani kushoto, mahali fulani kulia. Ukiivuta ngozi katika hali hiyo, kikamba kinapinda kila ziada inapobadili upande. Akailaza yote upande mmoja, akaibandika kidogo kidogo kwa gundi, akaacha ikauke. Kisha akaanza kuvika kutoka katikati kwenda kwenye kona, akisukuma kwa kiganja badala ya kuvuta kwa vidole. Kikamba kikakaa kimenyooka kwenye ukingo wote. Jirani alipoitwa aje kuona, hakutaja plastiki tena.

Tungeishia hapo, lakini yalibaki mazulia. Seti huja imekwisha kukatwa vipande: cha juu ya mwinuko wa katikati unaofunika giaboksi, vya pembeni, vya miguuni, cha nyuma ya viti. Baba watoto alivibandika vyote kwa gundi, kuanzia kona mpaka kona, kwa moyo mkunjufu. Gari likapendeza. Ndipo binti yangu akauliza, "Baba, betri ziko wapi?" MGB la miaka ile lina betri mbili za volti 6, zimefichwa chini ya sakafu nyuma ya viti, na mfuniko wake sasa ulikuwa chini ya zulia lililoganda. Kisu kikafanya kazi.

Matundu ya bolti za viti nayo yalikuwa yamezikwa. Akaleta drili, nikamzuia mimi, maana drili ikigusa zulia hunasa uzi na kuufumua mstari mzima. Zulia hutobolewa kwa kitu cha moto, kinachounguza nyuzi na kuacha tundu safi. Kitu cha moto, chembamba na kirefu, katika nyumba ya watu wa pwani, ni kimoja tu. Vyuma vyangu vya mishikaki vilipashwa jikoni mpaka vikawa vyekundu, vikapelekwa nje mbiombio, na havijarudi kuwa vyuma vya mishikaki.

Usiku ule ikanyesha. Asubuhi, upande wa abiria, zulia jipya lilikuwa limeloa chepechepe. Baba watoto akalaumu paa la turubai, akalikaza. Ikanyesha tena, maji yaleyale. Akalaumu mpira wa mlango, akaubadilisha. Maji. Akalaumu kioo cha mbele, akaanza kutazama bei ya kioo. Hapo mama mkwe akajifunga kanga, akatoka na birika.

"Ingia ndani ya gari," akamwambia mwanawe, "uniambie unaona nini."

Akamimina maji juu ya paa. Kimya. Akamimina kwenye mlango. Kimya. Akamimina taratibu kwenye tundu za hewa zilizo kati ya boneti na kioo cha mbele, zile zinazoivutia hita hewa. Kutoka ndani tukasikia ukelele.

"Paa lako halina kosa," akasema mama. "Mfereji umeziba."

Na ndivyo ilivyo. Maji ya mvua yanayoingia kwenye tundu zile hukusanyika katika kisanduku chini yake, na hutoka kwa mpira mmoja mwembamba unaoshuka hadi chini ya gari. Majani ya miti yakiuziba, kisanduku hujaa, maji hupitia kwenye hita na kumwagika miguuni mwa watu. Baba watoto akajilaza chini ya gari, akaupapasa mpira, akauminya. Likatoka donge jeusi la majani yaliyooza, na nyuma yake maji yote ya birika na ya mvua ya juzi, yakaingia kwenye mkono wa shati lake yakatokea kiunoni.

Mazulia yakang'olewa. Yalikaushwa juu ya vipasha joto vya vyumba vyote, na nyumba ikanuka sufu mbichi na gundi mpaka wageni wakawa hawakai. Chini ya zulia sakafu ilikuwa imeanza kuota kutu upya; ikasuguliwa, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, ikaachwa ikauke barabara. Mara ya pili vipande vya miguuni havikubandikwa. Vilifungwa kwa vifungo vya kubonyeza ili viweze kuinuliwa, jambo ambalo, kwa mujibu wa jirani, ndilo walilofanya Abingdon tangu mwanzo.

Gari likakamilika. Safari ya kwanza walikwenda Abingdon, yeye na mama yake, paa wazi, mama ameshika mtandio kwa mikono miwili. Mimi na watoto tuliwafuata kwa basi. Mama alishuka akasema viti vizuri, gari lina kelele, na kwamba aliyetengeneza mfereji mwembamba vile katika nchi ya mvua kama hii hakuwa na mama wa kumuuliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye MGB uani, au mwenye mume anayelinyemelea moja sokoni, mpangilio wa kazi ni huu: toa viti na mazulia, mimina maji kwenye tundu za hewa na utazame yanatokea wapi. Safisha mpira. Tibu kutu ya sakafu. Kagua nyaya wakati bado zinaonekana. Weka zulia, ukiacha mfuniko wa betri huru. Viti ni vya mwisho kabisa. Na seti ya ngozi usiiagize kabla ya jaribio la maji kupita salama. Birika la maji halina gharama, ngozi inayo.