Yah: Maombi ya Kuisajili Sebule Yangu Kuwa Wodi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Nakala: Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mama yangu alipata kiharusi, akalazwa, kisha akapewa ruhusa. Hongera, kitanda kimoja cha hospitali kimepata nafasi. Mgonjwa naye kapata sebule yetu, yenye wahudumu wawili wasio na mshahara na zamu isiyo na mwisho.

Mafunzo ya kazi nilipewa mlangoni, bajaji ikisubiri. Muuguzi, aliyekuwa na wodi nzima ya kuhangaikia, alinieleza: mgonjwa ainuliwe anapolishwa kwa mpira wa puani, uji usije ukaingia mapafuni; ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia; mpira wa mkojo usivutwe; viungo vinyooshwe kila siku. Yeye alisomea mambo haya miaka. Mimi nilihitimu kabla bajaji haijawashwa.

Kwa sifa hizo, naomba usajili. Saa nne usiku namgeuza, saa sita, saa nane, saa kumi. Saa kumi na mbili naoga niende kazini. Dada yangu amefunga genge lake la nyanya ashike mchana. Yeye tunamlipa kwa dua.

Niliomba likizo pia. Afisa utumishi akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34. Mtoto wangu akiugua, nina haki ya siku nne zenye malipo. Mzazi wangu je? Yeye sheria inamtambua akifariki. Mama, kwa kosa la kubaki hai, hajatimiza masharti.

Usajili ukishindikana, nitaridhika na haya: anayeuguza afundishwe wodini kabla ya siku ya ruhusa, alishe na ageuze mwenyewe muuguzi akimwona, apewe namba ya simu itakayopokelewa mpira ukichomoka usiku, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumbani juma la kwanza, na kifungu cha 34 kikubali kwamba wazazi nao huugua kabla ya kufa.

Naomba jibu mapema. Jana mama alikunja vidole vya mkono uliopooza. Kwa hali hiyo, siku zangu nne zinazidi kuwa mbali.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kaimu Msimamizi wa Wodi,
Sebuleni.