Asali Bado Ipo

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Kibondo mwezi wa Juni saa hizo hata jogoo huwika kwa kifupi, apate kurudi kujikunyata. Nikatoa mkono nje ya blanketi taratibu, kama mtu anayechomoa kiazi kwenye majivu. Ujumbe ulisema: "Je, bado ipo?"

Nikaruka kuketi. "Ipo, dada yangu! Karibu sana. Asali mbichi ya Kibondo, haijachemshwa, lita moja elfu kumi na mbili." Akasoma. Najua alisoma kwa sababu simu yenyewe iliniambia. Kisha kimya. Ninapoandika haya ni wiki ya tatu, na kimya kile bado hakijavunjika.

Kijana wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenifungua macho. Akanieleza kwamba sentensi ile hakuna anayeiandika. Iko pale tayari chini ya picha ya bidhaa, mtu akiigusa tu inakwenda. "Wengine wanaigusa kwa bahati mbaya, baba, wakiwa wanapitisha picha." Kumbe nimekuwa nikiamshwa alfajiri na vidole gumba vya watu wasio na habari nami.

Haikuwa hivi. Mwaka wa kwanza nilipoingia kwenye hili soko la mtandaoni niliuza hadi nikaanza kusema kwa sauti ya chini kama watu wenye hela. Madumu yalikwenda Mwanza, yalikwenda Dodoma, yalikwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa nilipo. Kosa langu ni kwamba nilimweleza shemeji. Shemeji akamweleza fundi wake wa pikipiki, fundi akaeleza kijiwe kizima, na leo Kibondo mtu akikosa cha kuuza anauza asali ya mtandaoni, hata kama maisha yake yote hajawahi kung'atwa na nyuki.

Juzi nilikaa nikahesabu waliotazama status yangu. Sitini na mmoja. Nikawapitia jina kwa jina kama mwalimu wa zamu. Ishirini na tisa wanauza asali. Kumi na mmoja wanauza maharage kule Kasulu, na wameitazama yangu ili nione aibu nikatazame yao. Wawili wananidai. Mmoja ni mama mkwe. Waliobaki ni ndugu wa kanisani, ambao asali huwa wanaiomba. Kwa maneno mengine, ni gulio la wauzaji watupu, tumepanga mistari, kila mmoja anamwita mwenzake "karibu mteja".

Na gulio hili lina kiingilio. Gulio la ardhini unalipa ushuru siku ukileta mzigo, basi. Hili la hewani linakula bando hata siku ambayo hujauza. Halafu likiona umepoa linakuletea ushauri: lipia kidogo, tangazo lako lionekane na watu wengi zaidi. Nililipia. Nikapewa ripoti kwamba nimeonekana na watu elfu tatu na kitu. Nikamwonyesha mama watoto. Akauliza wangapi wamenunua. Nikamwambia ripoti haina sehemu ya hilo.

Anayenunua kweli naye ana mambo yake. Neno lake la kwanza baada ya kusikia bei ni "mwisho ngapi?" Hajaiona asali, hajainusa, hajui kama mimi ni mtu au mbuzi, lakini mwisho anautaka. Mkikubaliana, inakuja hesabu ya usafiri. Hapo ndipo asali huwa kitu cha ajabu, maana ni nzito kuliko inavyoonekana. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya asali inakaribia kilo moja na nusu, kwa usahihi kama kilo 1.4. Dumu la lita 20 ni kilo 28. Mweleze hayo konda wa basi saa kumi na mbili asubuhi, huku dereva anapiga honi. Alilinyanyua dumu langu, akalitua, akanitazama usoni. "Mzee, humu umeweka asali au umeweka mzinga wenyewe?" Nikaongeza elfu tatu.

Mteja mmoja wa Dar aliagiza kilo ishirini. Nikapima kilo ishirini kwa mzani, mbele ya mashahidi. Alipopokea akamimina kwenye chupa zake za lita moja moja, zikajaa kumi na nne na kikombe juu. Akanipigia. "Baba mzima na mvi zako unanipunja lita sita?" Nilimfundisha fizikia kwa simu, kwa salio langu, kwa dakika kumi na mbili. Mwisho akasema nirudishe hela ya lita sita, na nikituma nitume na ya kutolea.

Lakini hilo ni dogo mbele ya suala la kuganda. Asali mbichi huganda. Sukari yake ya glukosi hujitenga na kutengeneza chembe, na baridi ya nyuzi 14 hivi ndiyo inayoifaa zaidi kwa kazi hiyo. Usiku wetu wa Juni hauko mbali na hapo. Hiyo ni kawaida yake tangu nyuki walipoumbwa; unaweka chombo kwenye maji ya vuguvugu, inayeyuka, unapaka mkate. Mteja wa mtandaoni hataki kusikia. Ameona video. Kuna mtu huko ameketi mbele ya kamera na kusema asali ikiganda ujue ni sukari guru. Mwingine anachovya njiti ya kiberiti na kuiwasha: ikiwaka, halisi, isipowaka, feki. Kumbe njiti inakwambia tu kama asali ina maji mengi au machache. Nyuki anarukia maua elfu, anakuja kuhukumiwa na kiberiti kilichopigwa na mvua kwenye kibaraza cha Mbagala.

Mteja mmoja alinitumia picha ya njiti isiyowaka. Nikamwomba ajaribu njiti nyingine bila asali. Haikuwaka pia. Akaniblock.

Siwalaumu sana kwa kutoamini. Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa kumtaka "ile hela" aitume kwenye namba nyingine, kutoka kwa mtu asiyemjua, kwa ajili ya hela asiyokuwa nayo. Baada ya hapo ninatokea mimi, sura simuoneshi, nipo kilomita elfu moja, ninamwambia lipa kwanza ndipo nipakie dumu. Ningekuwa yeye hata mimi ningejiripoti.

Na jina la mkoa wetu nalo linanikwamisha. Nikiandika "kutoka Kigoma", chini ya asali yangu wanajipanga waganga: mmoja anarudisha mume aliyetoroka, mwingine anafungua nyota, wa tatu anatoa mkopo bila dhamana (huyu naye nadhani ni mganga). Wateja wanachanganya mafaili. Dada mmoja aliulizia asali kwa adabu kabisa, bei ikampendeza, kisha akaandika: "Samahani kaka, na ile nyingine unayo?" Nikauliza ipi. "Ya kumtuliza bosi." Nikamwambia huku ni asali tu. Asali hakununua.

Mimi hujifariji kwa habari za wakubwa. Jumia waliingia kwenye soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo wakafunga duka lao la mtandaoni hapa Tanzania. Kampuni yenye wawekezaji wa dunia nzima, na mimi nina madumu manne na mwavuli. Siku nikiona mauzo ni sifuri najiambia angalau mimi bado nipo sokoni.

Mara nyingine nalichukua dumu moja naenda nalo Kasulu, nalipanga chini kama zamani, chupa kwa chupa. Muha akija kununua anaanza na salamu, na salamu yetu si ya kumalizwa ukiwa umesimama. Atapiga makofi ya heshima, atauliza nyumbani, atauliza watoto, mvua, mihogo. Ndipo atachovya kidole, atalamba, ataangalia milimani kana kwamba anasikiliza kitu. Juzi mama mmoja alifanya hayo yote nikajua biashara imekubali. Akafuta kidole kwenye kitenge, akaingiza mkono kifuani, akatoa simu. "Mwanangu, mbona huku ni elfu kumi?" Nikaitazama ile simu. Alikuwa shemeji.

Jumatatu usiku bando lilibaki kidogo, nikawa napitisha picha tu, kutazama wenzangu wanavyokufa njaa. Nikaona chupa tatu za asali juu ya meza. Taa nzuri, rangi nzuri. "Asali Halisi ya Tabora, lita moja elfu kumi na nane." Tabora wana jina lao kwenye asali na siwaonei wivu. Ila kitambaa cha meza nilikifahamu. Kimefumwa kwa uzi wa kijani, na kwenye kona kuna duara la hudhurungi, pale nilipotua sufuria ya moto mwaka juzi nikalala nimenuniwa. Kile kitambaa muda huo kilikuwa mbele yangu, nimeegemeza kiwiko juu yake.

Nilitaka kuandika maneno makali. Nikakaza kidole kutafuta pa kuandikia, kikagusa pabaya, ujumbe ukaondoka wenyewe: "Je, bado ipo?"

Alijibu hapohapo, binti wa watu. "Imeisha kaka yangu, inaisha haraka sana. Wateja wananisumbua na mzigo sina. Humjui mtu wa mikoani huko mwenye asali nzuri ya jumla?"

Hasira ikanishuka hadi magotini. Nikamwandikia kwamba namjua mmoja, ni mimi, nipo Kibondo, dumu la lita ishirini lipo limefungwa tayari, na kwa sababu ni jumla nitampa lita kwa elfu kumi na moja. Akasoma. Nikaona ameanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Mama watoto akauliza nani huyo usiku wote huu. Nikamwambia ni mteja, safari hii mteja kweli.

Jibu likaingia.

"Mwisho ngapi?"