Feri ya Gedser

Jumanne, Rostock

Simu ya Dada imetufikisha kwenye njia ya magari inayopita chini ya mto Warnow. Ilifunguliwa 2003, magari huilipia, baiskeli haziruhusiwi. Bango liko pale. Wote tumegeuza baiskeli, tukauzunguka mto kwa upande wa mashariki, tukipishana na malori, kuelekea bandarini.

Kabla ya kufika, tairi la nyuma la Mzee limepata pancha. Kiraka kimeshika vizuri, kilichokataa ni pampu. Tyubu za Ujerumani zina midomo ya aina tatu, na pampu ya Shemeji haiingii kwenye zote. Ya Mzee ni ile ya zamani, ambayo bado iko kwenye baiskeli nyingi za mjini. Dada amemsimamisha mama mmoja aliyekuwa anatoka dukani kwa baiskeli. Ametuazima pampu yake na kusubiri mpaka tairi likajaa, maziwa yake yakiwa juani kwenye kikapu.

Tumefika gatini feri ikiondoka. Shemeji alikuwa ameshauri kwamba wenye baiskeli nzima watangulie, wamngoje Mzee upande wa Denmark. Shangazi alimkatalia, nami nilisimama upande wa Shangazi. Mzee ndiye aliyebeba hema kubwa na sufuria tangu Berlin. Hatuwezi kumwachia pancha na bahari kwa pamoja. Shemeji amenuna hadi jioni, kisha amekwenda kununua chai ya wote.

Jumanne usiku, baharini

Kwenye feri iliyofuata, baiskeli zimepangwa kwenye sitaha ya magari, kando ya ukuta wa chuma, na kufungwa kwa kamba. Kuvuka hadi Gedser huchukua muda unaokaribia saa mbili. Abiria haruhusiwi kubaki chini na magari, kwa hiyo baiskeli ya Shangazi ilipolala hakuna aliyeiona. Tumeikuta imeegemea ya Dada, taa imepasuka na kengele imepinda. Kengele nimeinyoosha kwa koleo. Taa haina dawa.

Juu ya feri hii kuna nguzo nyeupe, nene, ya urefu wa mita 30, ambayo nilidhani ni bomba la moshi. Ni rota, iliyofungwa mwaka 2020. Huzunguka, na upepo unaoipiga kwa ubavu huisukuma meli mbele, hivyo injini inatumia mafuta kidogo. Hapa inafaa hasa kwa sababu meli inakwenda kaskazini na kusini, na upepo wa bahari hii mara nyingi hutoka magharibi. Mzee amesimama kuitazama mpaka tulipoitwa kushuka. Alikuwa fundi wa mashine, na mashine ikimpendeza huwa hasemi kitu.

Jumatano, Falster

Askari wa Denmark aliomba hati. Ukaguzi wa mpaka huu ulirudishwa 2016. Pasipoti ya Shangazi ilikuwa chini kabisa ya mfuko wa keria, kwa hiyo gatini tumeanika khanga, sweta, unga na dawa za presha mpaka ikapatikana. Askari alisubiri kwa adabu, akamtakia safari njema.

Upepo ule uliosaidia meli leo umetupiga ubavu mchana kutwa. Upande huu wa kisiwa ni tambarare na hakuna pa kujificha isipokuwa nyuma ya tuta la ufukwe wa mashariki. Lilijengwa baada ya mafuriko ya Novemba 1872, bahari ilipoingia hadi ndani ya nyumba na kuua watu wengi. Tumekula chakula cha mchana chini yake.

Kando ya barabara wakulima huacha stroberi na viazi kwenye kibanda kisicho na muuzaji. Unachukua, unaweka pesa kwenye kopo, au unalipa kwa simu. Malipo ya simu yanataka akaunti ya benki ya hapa. Sisi tulikuwa na euro, na Denmark inatumia krone. Dada alishauri tuache euro. Mzee alikataa: mwenye shamba asipewe kazi ya kwenda kubadilisha pesa kwa sababu yetu. Tumeziacha stroberi. Nimeumia, zilikuwa nzuri, lakini Mzee alikuwa sahihi.

Alhamisi, Stubbekøbing

Kuna feri nyingine, ndogo, inayovuka hadi kisiwa cha Bogø wakati wa kiangazi. Inaitwa Ida, imeundwa 1959. Tulifika ikipakia, bila Mzee. Mnyororo wake ulikuwa umetoka kwenye kilima cha mwisho, na Dada alikuwa amebaki naye.

Baharia alituashiria tuingie. Safari hii hakuna aliyeshauri kitu. Shemeji ndiye aliyetikisa kichwa, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta na kurudi kwa miguu barabarani kuwatafuta. Ida iliondoka na magari machache.

Wametokea wakisukuma, Shemeji akiwa amejitwika mfuko wa sufuria.

"Pole, Mzee."

"Nimeshapoa, mwanangu. Mmekula?"

Tulikuwa hatujala. Shangazi amewasha jiko nyuma ya ghala la gati, ameinjika viazi vya dukani, na baharia wa Ida alipopiga honi ya kurudi, maji yalikuwa ndiyo kwanza yanachemka. Tumemwomba radhi na kungoja zamu inayofuata.