Nyuzi Mbili

Nyumbani kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti ya televisheni imo ndani ya mfuko wake tangu siku iliponunuliwa. Mlango wa friji una utando wa bluu, mwaka wa sita huu. Makochi ya sebuleni bado yamevaa plastiki za dukani, mgeni akikaa yanalia kama karanga zinazomenywa. Sheria hiyo niliitunga mimi, na naomba uikumbuke.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, hapa Sinza. Kompyuta yangu ina prosesa ya Core i9-12900K, ambayo ikibanwa na kazi hula hadi wati 241. Hiyo ni kama robo ya pasi ya umeme, na joto lote linatoka kwenye kitu kisichozidi ukubwa wa biskuti. Ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Sasa piga picha ya Februari ya Dar es Salaam, chumba kina nyuzi 32 hata sijawasha kitu. Bibi harusi kwenye kioo changu alikuwa akiingia ukumbini kwa kukwamakwama kama daladala kwenye foleni ya Ubungo.

"Fungua dirisha," mke wangu akasema.

Nikamweleza kwamba suala hili ni la kitaalamu.

Utaalamu wenyewe ulikuwa kupoza kwa maji, kama gari. Bloku inakaa juu ya prosesa, maji yanapita ndani yake, yanabeba joto hadi kwenye rejeta, feni zinalipuliza, pampu inayarudisha. Rejeta, pampu na mipira nilivichagua kwa dakika kumi. Bloku ilinila wiki tatu. Tumbo lake ni shaba iliyochanjwa mifereji myembamba kuliko nafasi za meno ya kitana, ili maji yaguse shaba kwa wingi. Ukizidisha wembamba, maji yanapita kwa taabu na pampu inahema. Nyingine zimepakwa nikeli, ambayo haiongezi ubaridi wowote. Inazuia shaba isififie, na inapendeza. Nilibaki na mbili, tofauti yao nyuzi 2 tu. Nilizikosea usingizi nyuzi hizo. Mwisho nikachukua ya nikeli, iliyomzidi mwenzake bei ya majogoo wawili.

Ilipofika, haikuingia. Katika wiki tatu za kulinganisha kila kitu, sikuwahi kulinganisha matundu ya skrubu. Soketi inayobeba prosesa yangu, LGA1700, iliyotoka mwaka 2021, ina matundu yaliyoachana milimita 78. Fremu ya bloku niliyonunua ilikuwa ya kizazi kilichotangulia, milimita 75. Nikaipeleka Gerezani kwa fundi wa vyuma.

"Bosi, milimita tatu ni za kula tu," akasema, akachukua tupa. Akala moja na nusu kila upande. Kwa shilingi elfu tano na soda, tukawa tumeingia kizazi kipya.

Yakabaki maji. Ya kisima chetu huacha ukoko mweupe kwenye birika, yangeiziba ile mifereji mapema. Yanatakiwa yaliyotoneshwa, nikaenda duka la spea kuulizia maji ya betri.

"Gari gani?" muuzaji akauliza.

"Si gari, kaka. Kompyuta."

"Betri yake kubwa?"

"Haina betri. Yanazunguka kwenye rejeta."

"Aaa, ina rejeta! Basi chukua kulanti. Injini gani?"

"Intel."

Akafikiri kidogo. "Spea zake zinapatikana?"

Nikatoka na chupa sita na pole yake.

Usiku ule niliacha pampu izungushe maji peke yake juu ya magazeti. Hapakuvuja hata tone. Asubuhi nikaweka pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mbaazi, nikafunga, nikawasha. Haikupita dakika, nyuzi 100. Nikafungua, nikafuta tumbo la bloku kwa spiriti, nikaweka pesti upya. Nyuzi 100. Nikahisi mipira imebadilishana, ya kuingiza na ya kutoa, ilikuwa sawasawa. Nikafungua tena, nikafuta tena, na nakiri kwamba nilisimama kidogo nikijitazama uso kwenye ile nikeli.

Mke wangu akaingia na chai. Akaangalia bloku mkononi mwangu.

"Mume wangu, hicho nacho kinabaki na nailoni yake?"

Utando mwembamba, angavu, umenata tumboni. Pembeni una maandishi madogo ya Kiingereza: uondolewe kabla ya kufunga. Nilikuwa nimeusafisha kwa spiriti mara mbili.

Nilipoubandua prosesa ikashuka hadi nyuzi 84 kazini, na bibi harusi akaingia ukumbini kwa madaha yake. Jioni mke wangu akafungua dirisha bila kuniuliza. Upepo wa bahari ukaingia, chumba kikashuka kutoka nyuzi 32 hadi 29. Maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopulizwa kwenye rejeta, kwa hiyo chumba kikishuka, kila kitu kinashuka nacho. Prosesa ikasoma 81. Nyuzi tatu, bure. Zile mbili zangu zilinigharimu jogoo mmoja mmoja.

Nimebakiwa na chupa tatu za maji ya betri. Mwenye gari aje achukue.