Eedo, Sogea Kidogo Twiga Aonekane

Chukua simu ya mtu yeyote wa Garissa aliyerudi matembezini, umwombe akuonyeshe alikokwenda. Utaonyeshwa nyuso. Upo uso wa abti (mjomba), uso wa eedo (shangazi), nyuso za watoto waliokenua meno kwa amri, na katika upenyo uliobaki kati ya sikio la huyu na bega la yule, kuna kitu cha rangi ya kahawia. Ukiuliza ni nini, utaambiwa ni Mto Tana. Mto mrefu kuliko yote nchini Kenya umebanwa mahali pasipotosha picha ya kitambulisho. Picha inayofuata ina nyuso zilezile, ila safari hii kitu cha kahawia ni twiga. Hoja yangu ni nyepesi, ingawa najua itaniletea maneno kwenye harusi ijayo: picha zetu za matembezi, pamoja na za mapambo ya nyumbani, tunazipiga ili kuthibitisha kwamba sisi tulikuwepo, na hapo ndipo zinapoharibikia. Kuwepo kwetu hakuna anayekutilia shaka. Sisi tutaonekana tena Ijumaa. Kile kilicho nyuma yetu ndicho kinachohitaji shahidi.

Tuanze na hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji. Twiga wa huko ni wale wenye mabaka mapana ya hudhurungi yaliyogawanywa na mistari myeupe iliyonyooka, na dume aliyekomaa hufikia mita tano na ushei. Eedo, hata akivaa viatu vya sikukuu, ana mita moja na kitu. Hesabu hiyo ingetosha kumtahadharisha mtu, lakini familia hujipanga mbele ya mnyama namna inavyojipanga mbele ya kabati la sebuleni, simu ikalazwa ili wote waenee. Twiga akiwa mbali, hutoka mdogo kuliko hereni. Akiwa karibu, hutoka miguu mitupu, na mgeni asiyeelezwa atadhani eedo ameegemea nguzo za kibanda kilichopakwa rangi ovyo. Mpiga picha akiambiwa arudi nyuma ili kichwa kiingie, hutii, na nyuma yake upo mgunga. Mwiba wa mgunga hauna simile. Ndiyo maana ile picha moja ambayo twiga ameingia mzima, kuanzia pembe hadi kwato, huwa imetikisika kiasi cha kuonyesha twiga wawili na nusu. Na twiga, ambaye tangu mwanzo hakuombwa ruhusa, huwa ameshachoka na kikao hicho, kwa hiyo picha ya mwisho ni ya mkia.

Watetezi wa jamaa husema kosa si lao, ni la jua. Sitabisha sana. Garissa iko takriban nusu digrii kusini mwa ikweta, hivyo saa sita mchana jua hukaa utosini, kila paji la uso likaangusha kivuli machoni, na ukoo mzima ukaonekana kama uliokesha matangani. Joto nalo lina lake. Watengenezaji wa iPhone husema simu yao itumike penye nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na Garissa mchana huivuka 35 bila kuomba radhi, kwa hiyo simu hutoa onyo, ikajizima, ikabaki mkononi ya moto, isiyofaa hata kumpigia aliyekuuzia ili umlalamikie. Mwanga mzuri hupatikana jioni, kati ya Alasiri na Magharibi, na karibu na ikweta jua halina tabia ya kuaga: likishaamua kutua, limetua. Hapo kati dereva anatafuta petroli, mtoto amerudia kiatu, na watu wanapofika mtoni na kumaliza kugombania nani akae katikati, muadhini ameshaita. Yote hayo ni kweli. Lakini jua halijawahi kumlazimisha mtu kusimama mbele ya twiga.

Ukitaka ushahidi kwamba jua linasingiziwa, ingia ndani ya nyumba. Sebule ya Garissa ina mazulia mazito, mito ya kuegemea iliyopangwa ukutani, na pazia nene lililoshushwa kuzuia joto na vumbi. Hapo ndipo anapopigwa picha mgeni mpya wa nyumba: dabqaad, chetezo kilichochongwa kwa jiwe jeupe laini, lile lililoipatia sifa El Bur ya Somalia. Ni kitu cha kutazamwa kwa utulivu. Juu kina kikombe cha makaa, kiuno chake ni chembamba, chini kitako kipana, na ubavuni vitundu na mistari iliyokatwa kwa mkono, hivyo hakuna mstari unaofanana kabisa na mwenzake. Mwenye nyumba hukisugua kwanza hadi weusi wote wa makaa utoke, kana kwamba chetezo kuonekana kimefukiza ni aibu. Kisha hukiweka ndani ya kabati la vioo, kati ya maua ya plastiki na seti ya chai ambayo haijawahi kunywewa, akawasha flashi. Kioo hurudisha mwanga wote. Kinachoonekana kwenye picha ni jua jeupe la pili, na ndani yake mpiga picha mwenyewe, kiwiko juu, na dera la jikoni ambalo halikukusudiwa kuonekana na jamaa wa Eastleigh, Nairobi, sembuse wa Minneapolis, Marekani. Jamaa wa ng’ambo hujibu kwa adabu kwamba kimependeza, bila kusema kipi.

Dawa yake haina gharama. Zima flashi, fungua pazia upande mmoja, kitoe chetezo kabatini ukiweke karibu na mlango au dirisha ili mwanga ukipige ubavuni, na uache makaa na ubani vifanye kazi yake. Mwanga wa ubavuni huonyesha mkato wa kisu, na moshi huonekana ukiwa na giza la chumba nyuma yake. Vivyo hivyo kwa haan, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mimea, kwa mkazo wa kuzuia maziwa yasivuje, kisha kikasafishwa kwa moshi wa kijinga cha moto. Siku hizi nyumba nyingi za mjini hununua maziwa ya ngamia yaliyotiwa kwenye mtungi wa plastiki, na haan ya bibi imepandishwa ukutani kuwa pambo. Ukiipiga picha ukiwa umesimama mlangoni, unapata doa la kahawia ukutani. Isogelee, utaona msuko, ukanda wa ngozi wa kuifungia mgongoni mwa ngamia, na pale ilipopasuka ikashonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine. Mtu wa haraka huigeuza ili mshono huo usionekane. Mshono huo ndio picha, kwa kuwa unaeleza kwamba kitu hiki kilifanya kazi na kwamba kuna mtu aliyekijali.

Kama bado unaona ninakuza jambo dogo, tuulize kilichotokea Ijara. Mwaka 2017 wanakijiji walio jirani na hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kusini mwa kaunti ya Garissa, walitoa habari ya twiga mweupe. Walinzi wa wanyamapori walifika, wakamkuta jike na mwanawe, wote weupe, wenye ngozi iliyokosa rangi huku macho yakiwa meusi kama ya twiga wengine. Walirekodi video, ikazunguka dunia nzima. Iangalie kwa jicho la fundi: anayeonekana ni twiga. Hakuna shavu la mtu, hakuna kidole gumba, hakuna vidole viwili vilivyonyanyuliwa kuashiria ushindi ambao haujulikani ni wa vita gani. Nafasi ya kujiweka mbele waliipata, wakaacha. Machi 2020 ikatangazwa kwamba jike na ndama wake wameuawa na majangili, mifupa yao ikiwa imepatikana. Alibaki dume mmoja mweupe, na Novemba mwaka huohuo akafungwa kifaa cha kufuatilia mwendo wake kwa setilaiti. Leo anayetaka kumwona jike yule atamwona kwenye zile picha. Fikiria hasara yake kama sehemu kubwa ya fremu ingekuwa abti wa mtu.

Najua jibu linalokuja, nalo ni zito: twiga si ndugu yangu, na siku ayeeyo (bibi) atakapoondoka nitatamani uso wake, si mabaka ya mnyama. Nakubali, na sijasema uso ufutwe. Nasema uso wa mtu aliyeamrishwa atulie si uso wake. Ayeeyo akisimamishwa wima mbele ya ukuta hutoka na sura ya anayesubiri kupigwa muhuri pasipoti. Mpige akiwa ameshika haan, akikaza ukanda wake na kumkaripia anayempiga picha, utampata mzima mzima: mikono, kazi, na karipio. Pingamizi la pili ni la dini na stara. Wanazuoni wametofautiana juu ya picha za viumbe hai, nami si mufti. Wako pia akina mama wengi, na wafugaji kule soko la mifugo, wasiotaka kamera, na haki yao ni kuulizwa kwanza. Lakini pingamizi hilo liko upande wangu. Chetezo, haan, ukingo wa mto na kivuli cha mwembe kwenye shamba la Tana havina wa kumkosesha heshima.

Limebaki pingamizi la wachangamfu: haya ni maigizo ya kufurahisha roho, usituletee mtihani. Haya, tuwapime kwa mabingwa wa maigizo. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya kuchora, ya meli, ndege na majengo marefu, na mteja akapigwa picha mbele ya safari ambayo hakusafiri. Kila mtu alijua ni mchezo. Hata hivyo fundi wa Likoni hakuthubutu kuificha ndege nyuma ya kichwa cha mteja, maana mteja alilipia ndege. Sisi tunaye twiga wa kweli, aliyekuja kwa miguu yake bila kudai hata shilingi, na tunampa nafasi ndogo kuliko ile ndege ya rangi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na rufaa iko wazi. Safari ijayo nendeni baada ya Alasiri, si saa sita. Futa lenzi kwa kitambaa laini, si kwa pindo la nguo lililofuta mikono ya watoto. Picha ya kwanza isiwe na mtu. Ya pili iwe na mtu anayefanya jambo. Kuanzia ya tatu jipangeni mpendavyo, maana najua mtajipanga. Ukifika nyumbani, andika tarehe, mahali, na jina la aliyesuka au aliyechonga, kabla mwenye kulijua hajasahau. Na wewe unayeshika simu, usione haya kumwambia eedo asogee kushoto. Atanuna hadi Madogo, ng’ambo ya Tana, kisha atakuwa wa kwanza kuiomba hiyo picha.